Chuma Nacho Huchoka: Shafti za Boti za Mashindano Kwenye Mto Ohio

Mwaka huu zamu ya makala ya historia imetuangukia sisi wawili, wote wa South End hapa Louisville. Mmoja anasoma uhandisi, mwingine historia. Wengi wenu mlitegemea tungeandika juu ya vita vya Kongo au maisha ya kambini, kama kawaida yetu. Hayo tunayasikia nyumbani kila Jumapili. Safari hii tunaandika juu ya kipande cha chuma.

Chanzo ni baba mdogo wa mmoja wetu. Kabla ya kukimbia, alikuwa nahodha wa boti ya mizigo kwenye Ziwa Tanganyika, kati ya Baraka na Kigoma. Injini yake ilikuwa ndogo na ya zamani, ya aina ambayo propela hufungwa kwenye shafti kwa pini moja laini. (Kamusi inasema propela ni rafadha. Baba mdogo husema helisi, kutoka Kifaransa. Tumechagua propela ili tusigombane.) Pini ile imetengenezwa iwe dhaifu makusudi: propela ikigonga jiwe, pini inakatika na shafti inapona. Nahodha anaweka pini nyingine, safari inaendelea.

Siku moja pini za akiba zilikuwa zimekwisha. Akakata msumari mgumu wa chuma, akaupachika. Katikati ya ziwa propela ikagonga gogo. Msumari haukukatika. Iliyokatika ni shafti yenyewe. Walielea siku mbili usiku na mchana, mpaka upepo ukawasukuma nchi kavu upande wa Tanzania. Mwenye boti alisema kosa ni la nahodha, na baba mdogo akalipa ile injini kidogo kidogo kwa karibu miaka miwili.

Tulikuwa tumeisikia hadithi hiyo mara nyingi. Kiangazi kilichopita tulimpeleka Madison, Indiana, mji mdogo ulio ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka kwetu, ambako kila mwaka mwanzoni mwa Julai hufanyika mashindano ya boti zinazoitwa haidropleni. Boti zilikuwa zimeinuliwa kwa winchi. Watu wote walitazama rangi na majina ya wadhamini. Yeye aliinama akatazama chini, akauliza, "Pini yao iko wapi?"

Hakuna pini. Na sababu ya kutokuwepo kwake ndiyo historia yenyewe.

Watu wa Louisville wakisikia mashindano ya boti hufikiria Belle of Louisville, meli ya mvuke iliyojengwa mwaka 1914, ambayo tangu 1963 hushindana na meli nyingine katika wiki ya Derby. Ile inasukumwa na gurudumu kubwa la nyuma linalozunguka polepole. Haidropleni ni ukoo mwingine kabisa.

Zamani boti ya kasi ilikuwa na propela iliyozama yote ndani ya maji. Mwingereza Malcolm Campbell aliweka rekodi ya dunia mwaka 1939 kwa karibu maili 142 kwa saa, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeivunja. Kisha tarehe 26 Juni 1950, kwenye Ziwa Washington huko Seattle, boti iitwayo Slo-mo-shun IV ilipita maili 160 kwa saa, yaani karibu kilomita 258. Mchoraji wake alikuwa Ted Jones, mwenye mali Stanley Sayres. Siri yao ilikuwa kuinua mkia. Boti ikienda kasi iligusa maji kwa pointi mbili za mbele tu, na nyuma ilikalia propela yake, nusu ndani ya maji, nusu hewani. Ule mkia mrefu wa maji unaorushwa nyuma ya boti, ambao Wamarekani huulinganisha na mkia wa jogoo, ni kazi ya propela hiyo iliyotoka nusu. Watazamaji wanaupenda sana. Kwa shafti ni habari mbaya.

Tufikirie kidogo. Propela iliyozama yote husukumwa na maji kwa usawa. Iliyotoka nusu, kila bawa linatoka hewani na kupiga maji, linatoka tena, linapiga tena. Injini ya Slo-mo-shun IV ilikuwa Allison ya ndege za kivita, yenye silinda 12 na ujazo wa lita 28, na gia zake zilizungusha propela mara tatu zaidi ya injini. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, propela inazunguka 9,000. Mabawa ni mawili, kwa hiyo maji yanapigwa mara 18,000 kwa dakika moja. Raundi moja ya maili 15, kwa mwendo wa maili 100 kwa saa, huchukua dakika tisa. Zidisheni wenyewe: mapigo 162,000, na raundi ni kadhaa kwa siku.

Kwa nini basi wasiweke shafti nene tukaishia hapo? Kwa kweli unene unasaidia sana, kuliko watu wanavyodhani. Shafti ya duara ikiongezwa kipenyo mara mbili, uwezo wake wa kuhimili msokoto unaongezeka mara nane. Lakini shafti nene ni nzito na inakokota maji. Gia zile za kuongeza mzunguko ndizo zilizowaokoa: nguvu ileile ikipitishwa kwa kuzunguka haraka zaidi, msokoto hupungua, na shafti nyembamba inatosha. Hapa ndipo tunapoona ujanja wenyewe na bei yake. Gia zinapunguza uzito wa kila pigo, lakini zinaongeza idadi ya mapigo. Na chuma kina tabia ya kuhesabu.

Tabia hiyo ilijulikana mapema, kwa gharama ya watu. Mwaka 1842 ekseli ya treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na zaidi ya watu 50 walikufa. Baadaye mhandisi wa reli wa Prussia, August Wöhler, alipinda ekseli huku na huku maelfu kwa maelfu ya mara, akaonyesha kwamba chuma kinaweza kuvunjika kwa mzigo mdogo sana kuliko ule kinachoweza kuubeba mara moja. Kiswahili hakihitaji neno jipya hapa. Chuma kinachoka.

Ufa huanza mahali padogo: mkwaruzo, kona kali, mfereji uliochongwa ili kufungia propela, alama ya kutu. (Ndiyo maana boti nyingi za kasi hutumia shafti za aloi ya nikeli, ambayo haishiki kutu kirahisi.) Kila pigo linausogeza ufa kidogo. Nje hauonekani. Siku ya kukatika, sehemu kubwa ya chuma ilishakufa zamani, na kilichobaki kinaondoka mara moja. Mafundi hupaka rangi inayopenya kwenye nyufa, kisha hufuta na kutazama kama kuna mstari mwekundu uliobaki. Kama hauna maabara, chukua chaki uisokote kwa mikono miwili: itakatika kwa mshazari unaojizungusha, na shafti nyingi zilizochoka kwa msokoto hukatika kwa sura hiyohiyo.

Shafti ikikatika katika kasi hiyo, injini inabaki bila mzigo na inaweza kuzunguka hadi ikapasuka. Mkia uliokuwa umebebwa na propela unakosa pa kukaa. Si lazima dereva afe, lakini boti hizi hazina nafasi ya makosa: tarehe 19 Juni 1966, kwenye Mto Potomac huko Washington, madereva watatu, Ron Musson, Rex Manchester na Don Wilson, walikufa siku moja. Wiki mbili baadaye Chuck Thompson akafa Detroit. Wengine walikuwa wameshaamua kuachana na shafti kabisa. Donald Campbell, mtoto wa yule Malcolm, tangu 1955 aliendesha boti ya injini ya jeti isiyo na propela, akavuka maili 200 kwa saa. Naye alikufa nayo mwaka 1967.

Sasa turudi Madison. Mji huo wa watu wapatao 13,000 ulikuwa na boti yake, mali ya wananchi, iitwayo Miss Madison. Mwaka 1971 boti hiyo ya mbao ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, iliwahi kuwa ya tajiri Samuel duPont kwa jina Nitrogen Too, na bado ilitumia Allison wakati wapinzani kama Miss Budweiser walikuwa na Rolls-Royce Merlin. Injini za Allison zilitengenezwa Indianapolis, karibu 70,000, na baada ya vita ziliuzwa kwa bei ya chini. Mafundi wengi wa Miss Madison walikuwa watu wenye kazi zao, wakija jioni. Tarehe 4 Julai 1971, mbele ya mji wake mwenyewe, dereva Jim McCormick wa Owensboro, hapa Kentucky, alishinda Kombe la Dhahabu. Filamu ilitengenezwa juu yake, na kama kawaida ya filamu inamtazama dereva. Sisi tungependa ile jioni ya kabla, mtu amelala chali chini ya boti na taa, anatafuta mstari mwekundu.

Leo boti nyingi za aina hii hutumia injini za helikopta za Chinook, na shafti bado iko palepale, chini, bila pini.

Kuna fundi mmoja pale Madison aliyemwona baba mdogo ameinama muda mrefu. Akaleta kipande cha shafti iliyokatika. Upande mmoja ulikuwa laini, wenye duara ndani ya duara, kama mistari ambayo maji huacha kwenye mchanga wa ziwa. Upande mwingine ulikuwa mbaya, wenye chenga chenga. Tulimtafsiria: hizo duara ni siku ambazo ufa ulikuwa unatembea, huku kwenye chenga ndipo ilipokatika ghafla.

Alipitisha kidole. Akauliza, "Kwa hiyo inaweza kuwa ilishaanza kukatika kabla?"

Tukamwambia inawezekana. Msumari ulikuwa kosa, hilo halina ubishi, lakini injini ilikuwa ya zamani, ilishagonga mawe na magogo mara nyingi chini ya manahodha wengine. Ili kujua ingebidi kutazama uso wa mkato.

Propela yake iko chini ya ziwa. Kipande kilichobaki ndani ya injini, anasema, mwenye boti alikiuza Kigoma kama chuma chakavu, pamoja na injini yote, mwaka uleule alioanza kumlipa.