Visiki Vilivyo Hai: Historia ya Milima Yetu ya Kigoma



Kila aliyesoma Kigoma anaijua miembe ya Ujiji. Wageni huja kuitazama kwa ajili ya Livingstone na Stanley, waliokutana pale mwaka 1871. Mwembe wa wakati ule ulikwisha kufa. Iliyopo mnarani husemekana kuwa ni uzao wake. Basi kuna mtu, ambaye jina lake hatufundishwi, aliyetwaa chipukizi kabla mti mzee haujaanguka. Habari ninayotaka kuieleza ni ya watu wa namna hiyo.

Milima inayoanzia Kigoma mjini kwenda kaskazini hadi Gombe imesimama wima kando ya ziwa. Ikivuliwa miti, mvua huteremsha udongo wake hadi majini, na tope hufunika mawe ya kandokando ambako samaki wengi huishi na kuzaliana. Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini uhai wake mwingi umo karibu na ufuko. Kwa hiyo jembe la mlimani na wavu wa Ujiji ni shauri moja.

Zamani mkulima alilima kipande, akakiacha kipumzike, akahamia kingine. Visiki vilichipua, msitu ukarudi. Utaratibu huo ulitaka nafasi. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 watu wote wawe wanaishi katika vijiji. Vijiji vilirahisisha kupata shule na zahanati, lakini watu wengi walikusanyika mahali pamoja, na ikawa vigumu kupumzisha mashamba. Wakimbizi nao walikuja mkoani kwetu kutoka Burundi mwaka 1972 na 1993, na kutoka Kongo mwaka 1996. Hatuna haki ya kumlaumu mtu aliyetafuta kuni na chakula cha wanawe. Hata hivyo matokeo yalionekana: picha za setilaiti za mwaka 1972 zaonyesha misitu imezizunguka pande za Gombe, na za mwaka 1999 zaonyesha hifadhi ile ya taifa imebaki kama kisiwa.

Kampeni ya Misitu ni Mali ya mwaka 1980 ilikuwa imekwisha kutuhimiza. Maneno yalikuwa mazuri. Kilichobaki ni kila kijiji kuwa na msitu wake na sauti juu yake.

Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji 12. Mama huyo, aliyefika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe na kufariki tarehe 1 Oktoba 2025, alikuwa ameiona milima mitupu kutoka kwenye ndege ndogo. Wafanyakazi wa mradi, Watanzania, hawakuanza na sokwe. Waliwauliza wananchi shida zao, wakajibiwa: afya, maji, shule, chakula. Kazi ikaanzia hapo, pamoja na vitalu vya miche. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikavipa vijiji nguvu ya kupanga matumizi ya ardhi yao, navyo vikatenga misitu ya hifadhi ya kijiji. Hapo likatokea jambo ambalo wazee hawakulishangaa: penye visiki ambavyo mizizi yake ilikuwa hai, miti ilichipua yenyewe. Iliyotakiwa ni kuzuia moto na shoka.

Katika kazi yangu serikalini nimehudhuria mikutano mingi ya mipango ya ardhi. Kijana huja na ramani. Mzee huja na majina. Mzee ndiye ajuaye kijito gani hakikuwa kikikauka, kisiki gani huchipua, na machipukizi mangapi yaachwe ili moja liwe mti. Ramani bila majina hayo huwa na mapengo. Sasa tupige hesabu: aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1974 amekwisha kuvuka miaka 70. Walioiona milima hii ikiwa na msitu wake wa kwanza wanapungua kila mwaka, na wengi hawajaulizwa lolote.

Kwa hiyo natoa mapendekezo mawili. Wanafunzi, likizo ijayo chukueni madaftari mkawaulize babu na bibi zenu majina ya miti kwa Kiha, matumizi yake, na mahali zilipokuwa chemchemi. Kisha nakala ziwekwe katika maktaba ya shule. Wahitimu, tuchangie kutenga kipande cha ardhi ya shule ambacho hakitalimwa wala kuchomwa moto, visiki vyake viachwe vichipue. Kidato cha nne kinapoondoka kikikabidhi kwa kidato cha tatu, pamoja na daftari la kilichoota na kilichokufa. Kwenye mkutano wetu ujao twende tukakikague kipande hicho, na daftari lisomwe mbele ya wote.