Tangu 1964 Mtoto Bado Yuko Langoni

Wasee wa Kisumu, leo ni historia kidogo. Msikimbie, ni fupi.

Kila nikiposti kuhusu wanafunzi wenye ulemavu kusoma darasa moja na wenzao, lazima mtu aandike pale chini ati hayo ni mambo ya wazungu, sisi bado hatujafika huko. Sawa. Hebu tuangalie tulifika lini.

Mwaka ni 1964. Uhuru bado ni mbichi. Tume ya elimu inaongozwa na Simeon Ominde, msomi wa jiografia, Mjaluo kama wengi wetu hapa. Ripoti yake inasema mtoto mwenye ulemavu usio mkubwa asome shule ya kawaida. Hii ni zaidi ya miaka sitini iliyopita, manze. Wazazi wa wengi wenu walikuwa hawajazaliwa.

Lakini mashinani mambo yalishika njia nyingine. Wamisionari wa Kikatoliki walikuwa wameshafungua shule za viziwi Nyang'oma, kule Bondo, na Mumias, zote 1961. Baadaye hapa Kisumu tukapata Kibos ya wasioona na Joyland ya wenye ulemavu wa viungo. Na tusidanganyane, hizi shule ziliokoa watu. Bila hizo, wengi wangekaa nyumbani wakichunga kuku.

Shida ni kwamba tuliziegemea mno. Mtoto mdogo anafungiwa sanduku, anapelekwa bweni mbali, na shule ya karibu na kwao inabaki vile ilikuwa. Ngazi ni zilezile, choo ni kilekile, na mwalimu hajifunzi kitu. Mtoto akirudi likizo, majirani wa rika lake hawamjui.

Na hata huko kwenye shule maalum haikuwa rahisi. Kwa miaka mingi, viziwi walilazimishwa kusoma midomo na kujaribu kutoa sauti, na ishara hazikutakiwa darasani. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1980. Halafu Katiba ya 2010 ikaja ikasema Lugha ya Ishara ya Kenya ni moja ya lugha tatu rasmi za Bunge. Yaani kitu ambacho mtoto alikatazwa darasani, leo mheshimiwa anaruhusiwa kukitumia Bungeni. Kwa hivyo mtu akiniambia kitu fulani hakiwezekani, namuuliza: hakiwezekani, ama hatujataka?

Sasa skia hii ya kwetu. 2001, shirika la Leonard Cheshire lilianza mradi Oriang, upande wa Rachuonyo, Homa Bay. Shule tano za msingi za kijijini, zile za kawaida kabisa. Walimu walifunzwa, vyoo na madarasa yakarekebishwa mtoto mwenye ulemavu aweze kuingia na kuona ubao, wazazi wakahusishwa. Baadaye kazi hiyo ikasambaa hadi pande za Kisumu, Siaya na Migori. Haikuwa Ulaya. Ilikuwa Oriang, na matope yake.

2003 elimu ya msingi ikawa bure na madarasa yakajaa hadi dirishani. Mwaka huohuo serikali ikaunda jopo la elimu maalum, na mwenyekiti alikuwa Dkt. Edward Kochung' wa Chuo Kikuu cha Maseno, hapo tu juu ya barabara ya Busia. Jopo likasema walimu wafunzwe na vituo vya kuwapima watoto viimarishwe. Ona, hata hapo ushauri ulitoka kwetu.

Na hii ni shida yetu kuliko ya wengine. Sensa ya 2019 ilihesabu asilimia 2.2 ya Wakenya kuwa na ulemavu. Homa Bay ilikuwa 4.3, Siaya 4.1, Kisumu 3.5. Ukanda wa ziwa uko juu kwenye hiyo orodha.

Mimi niliacha chuo. Niliamua mwenyewe, na mlango nilikuwa nimeshaupita. Kuna mtoto Nyalenda ambaye mlango anaamuliwa na mtu mwingine: mama yake anafika langoni, anaangaliwa, anaambiwa ampeleke shule maalum. Na Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kusoma katika shule zilizo ndani ya jamii, kadiri inavyomfaa yeye. Kuna watakaofaidika zaidi Kibos ama Nyang'oma, na hiyo ni sawa. Lakini iwe ni kwa sababu inamfaa mtoto, isiwe ni kwa sababu shule ya mtaa haikutaka kujenga rampu.

Wiki hii pita kwa shule uliyosomea darasa la kwanza. Angalia lango, choo, na njia ya kufika darasani. Kisha niambie hapo chini kama kiti cha magurudumu kinaweza kupita. Majibu yenu nitayaweka pamoja, tuyapeleke kwa MCA wetu.