Masada: Bendi Iliyoupa Muziki wa Kiyahudi Nyimbo Mpya

Februari 1994, wanamuziki wanne wa New York waliingia studio bila piano wala gitaa. John Zorn alipiga saksafoni, Dave Douglas tarumbeta, Greg Cohen besi na Joey Baron ngoma. Bendi yao iliitwa Masada, jina la ngome iliyo karibu na Bahari ya Chumvi, ambamo Wayahudi walioiasi Roma walijihami katika karne ya kwanza. Albamu ya kwanza ikaitwa Alef, herufi inayofungua alfabeti ya Kiebrania. Zikafuata nyingine tisa, kila moja na herufi yake.

Jazi na muziki wa Kiyahudi walishajuana zamani. Mwaka 1939 Ziggy Elman, mpiga tarumbeta wa bendi ya Benny Goodman, alivuma Marekani kwa wimbo uliotokana na klezmer, muziki wa harusi wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Zorn hakutaka kupamba nyimbo za wazee. Mwaka 1992, mjini Munich, alikuwa amepiga Kristallnacht, kazi kali kuhusu usiku wa Novemba 1938 ambapo Wanazi walivunja masinagogi na maduka ya Wayahudi. Baada ya maombolezo hayo akaanza kutunga. Alikusudia nyimbo 100 kwa mwaka. Hadi 1997 zilikuwa zimepita 200, zikawa kitabu cha kwanza cha Masada.

Ni nyimbo fupi, nyingi zikitumia ngazi ya sauti ambayo mpenzi wa taarab ya Unguja ataitambua mara moja, maana inashabihiana na ngazi ya Kiarabu iitwayo maqam ya Hijaz. Mpangilio wa vyombo unatoka kwa Ornette Coleman, Mmarekani Mweusi aliyeitikisa jazi mwaka 1959 kwa kundi lisilo na piano. Bila piano ya kuwawekea njia, wapigaji wako huru. Cohen anashika mpigo mmoja wa besi na kuurudia, saksafoni na tarumbeta zinaimba kiini cha wimbo kwa pamoja, kisha zinaachana na kila mmoja anabuni papo hapo, mara wakijibizana, mara wakipandiana sauti. Baron huweka vijiti chini akapiga ngoma kwa viganja. Kwangu mimi, hapo ndipo Masada inapowashinda wengi waliojaribu mchanganyiko huu: uhuru ule haumpotezei msikilizaji wimbo.

Kituo chao kimoja kilikuwa ukumbi wa Tonic, uliowahi kuwa kiwanda cha mvinyo wa Kiyahudi, katika Lower East Side, mtaa uliojaa wahamiaji wa Kiyahudi mwanzoni mwa karne ya 20. Ulifungwa mwaka 2007.

Zorn aliandika kitabu cha pili chenye nyimbo zaidi ya 300, kisha cha tatu chenye 92. Jumla ya vitabu vyote vitatu ni nyimbo 613, idadi ya amri za Taurati. Nyingi amewaachia wengine wazipige. Mwaka 2013 mpiga gitaa Pat Metheny alitoa albamu nzima ya nyimbo hizo. Anayetaka kuanza, aanze na Alef.