Ramani ya malaria: Tinde wapimwe watoto wangapi?

Kipimo cha malaria kina majibu mawili tu: anayo au hana. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Shinyanga ni 16%. Wastani wa nchi, 8%.

Kupata asilimia kama hiyo, 5 juu au chini, hesabu ya kawaida inataka watoto kama 207. Shida ni kwamba watoto wa kitongoji kimoja hung'atwa na mbu walewale, majibu yao yanafanana. Hapo idadi inaweza kuhitajika mara mbili.

Kwa ramani, bora kupima watoto 10 katika vijiji 40 kuliko 40 katika vijiji 10. Vijiji vikiwa vichache, kati ya Tinde na Didia ramani inabahatisha tu, na vyandarua vinaweza kwenda kusikohitajika.