Nani Aliwahesabu Wafu wa Sakaki?

Vitabu vingi vinavyoitaja destroya ya Kijapani Sakaki vinasema mabaharia wake 59 waliuawa tarehe 11 Juni 1917, karibu na kisiwa cha Krete. Vingine, vya waandishi wanaoaminika vilevile, vinasema 68. Meli yenyewe ilibeba watu 92 hivi. Tofauti ya watu tisa katika chombo kidogo namna hiyo siwezi kuipita kana kwamba kalamu iliteleza. Nani aliwahesabu, na alikuwa akihesabu nini?

Njia fupi ilikuwa kuifuata meli mwenzake. Sakaki ilitumwa kazini mara kwa mara pamoja na destroya nyingine, Matsu, na kumbukumbu za moja zilitazamiwa kuifichua ya pili. Orodha za kwanza zikanifikisha Agosti 1944, katika Pasifiki, kwenye Matsu iliyozamishwa upande wa visiwa vya Ogasawara. Meli nyingine, vita vingine. Wajapani walizipa destroya zao ndogo majina ya miti, na majina yale yakaja kutumika tena. Ikabidi nirudi nyuma hadi kiwandani: Sakaki hii ya vita vya kwanza ilijengwa lini, na kwa kazi gani?

Ilijengwa Sasebo mwaka 1915, moja kati ya destroya kumi zilizoundwa mbiombio baada ya vita kuanza. Tani 665. Urefu wa mita 80 na ushei, mzinga mmoja wa milimita 120, midogo minne, na mirija ya topido. Boila zake zilichoma makaa ya mawe na mafuta. Haukuwa muundo wa kujivunia, lakini ulijengeka upesi, kiasi kwamba Ufaransa iliagiza nyingine 12 za aina hiyohiyo kutoka Japani mwaka 1917. Chombo kama hicho mtu angekitarajia karibu na kwao. Kilifuata nini Mediterania?

Jibu linalopendwa ni uungwana. Japani ilikuwa na mkataba na Uingereza tangu 1902. Rafiki aliomba msaada, msaada ukaja. Nina shaka na utamu wa jibu hili. Mkataba ule ulihusu Asia, wala haukumlazimisha Mjapani kuvuka Suez. Tena mwezi Februari 1917, maombi yakiwa mezani, Uingereza iliahidi kwa siri kuunga mkono madai ya Japani juu ya Shandong na visiwa vya Wajerumani vilivyo kaskazini mwa ikweta katika Pasifiki. Urafiki ulikuwepo, na bei ilikuwepo. Mwezi Aprili kikosi cha manowari Akashi na destroya nane, Sakaki ikiwamo, kikatia nanga Malta. Mchoma makaa aliyekuwa chini kwenye joto la boila alikuwa na habari ya bei hiyo?

Kazi ilianza bila ngoja ngoja. Tarehe 4 Mei, Matsu na Sakaki zilikuwa zikiisindikiza Transylvania, meli ya abiria iliyogeuzwa ya kubebea askari, kutoka Marseille kwenda Alexandria. Karibu na pwani ya Savona, Italia, nyambizi ya Kijerumani iliipiga topido. Matsu ikajiegesha ubavuni kuwapakia askari. Sakaki ikazunguka kwa kasi, ili nyambizi isithubutu kuinua kichwa. Haikutosha. Topido ya pili ikaonekana ikija moja kwa moja kwa Matsu, sitaha yake ikiwa imejaa watu. Matsu ikarudi nyuma kwa nguvu zote za injini, topido ikapita na kuigonga Transylvania tena. Ilizama muda mfupi baadaye, na zaidi ya watu 400 wakafa. Wale karibu 3,000 waliopona, wangapi walipandia Sakaki?

Simulizi za heshima husema tu kwamba Wajapani waliwaokoa 3,000. Sizikatai, ila nazipunguza. Wavuvi wa pwani ile nao walitoka na mashua zao, na sehemu ya walionusurika walifika nchi kavu kwa mikono ya wavuvi hao. Isitoshe, meli iliyokuwa ikizunguka kuitisha nyambizi haikuwa na nafasi sawa na iliyosimama ubavuni. Mabaki ya Transylvania yaligunduliwa mwaka 2011 karibu na kisiwa cha Bergeggi, zaidi ya mita 600 chini. Ugunduzi huo ulithibitisha mahali, wala haukuweza kuigawa sifa ya uokoaji kati ya destroya na mashua. Kama siku iliyoshuhudiwa na maelfu ya watu ina ukungu kiasi hiki, tutegemee nini kutoka siku iliyoshuhudiwa na wachache?

Siku hiyo ni 11 Juni. Sakaki na Matsu zilikuwa zimetoka kusindikiza. Nyambizi ya Austria-Hungaria, U-27, ambayo ikiwa juu ya maji haikufika hata tani 300, ilikuwa ikizivizia. Inasimuliwa kwamba walinzi wa Sakaki waliiona periskopu karibu mno na mzinga ukafyatuliwa, lakini topido ilikwisha kuondoka. Mlipuko uliifumua sehemu yote ya mbele, kuanzia omo hadi penye usukani. Nahodha alikufa hapohapo. Sasa, ikiwa waliokuwa mbele ndio waliokufa, habari ya periskopu na mzinga ilitoka kinywani mwa nani?

Huenda ni manusura wa upande wa tezi, huenda ni watu wa Matsu. Wote walikuwa na sababu njema ya kutaka wenzao wakumbukwe wakiwa wamefyatua. Sisemi walitunga. Nasema periskopu ya karibu na mzinga uliowahi ni aina ya habari ambayo manusura huipenda. Lililo thabiti zaidi ni meli yenyewe: haikuzama. Ilivutwa kwa kamba hadi ghuba ya Souda, Krete, baadaye ikatengenezwa Piraeus, ikarudi kazini, ikarudi Japani, na ikafutwa kwenye orodha mwaka 1932. Ikiwa meli ilibaki, je, hesabu ya wafu haikubaki nayo?

Nilitumaini jiwe lingenena. Katika makaburi ya Kalkara, ng'ambo ya Bandari Kuu ya Valletta, Malta, kuna mnara wa Wajapani. Mwaka 1921 mrithi wa kiti cha enzi cha Japani alikwenda kutoa heshima hapo. Mnara huo ni wa kikosi kizima, pamoja na waliokufa kwa maradhi na ajali. Jumla inayotajwa sana ya wafu wa kikosi ni 78. Ukitoa 59 wanabaki 19; ukitoa 68 wanabaki kumi. Hesabu zote mbili zinaingia. Wapo wanaoweza kuzipatanisha kwa kusema 59 walikufa papo hapo na tisa wakafuata kwa majeraha. Inavutia, lakini kuvutia si ushahidi. Kwa nini basi hatutulii mpaka tarakimu moja imshinde mwenzake?

Mimi naegemea 59, kwa kuwa ndiyo inayorudiwa zaidi upande wa waliofiwa, na waliofiwa huhesabu kwa majina. Ila kuna tarakimu nyingine zinazostahili shaka kubwa kuliko hiyo. Kikosi kinatajwa kuwa kilifanya safari 348 za kusindikiza, kikalinda meli 788 na watu wapatao 700,000. Waingereza wenyewe waliandika kwamba destroya za Kijapani zilikuwa baharini asilimia 72 ya muda wao, zao zikiwa asilimia 60. Lakini kikosi kiliongezewa destroya nyingine nne mwaka huohuo wa 1917, na Sakaki ilikaa matengenezoni wenzake wakiendelea. Msafara uliofika salama Alexandria au Salonika uliacha mstari mmoja tu daftarini: umeondoka, umefika. Katika hizo 348, zipi zilikuwa za Sakaki?