Sadaka Bila Hesabu

Novemba 2014, kituo cha televisheni cha KTN nchini Kenya kilirusha ripoti iliyomwonyesha mhubiri Victor Kanyari wa Nairobi akiwaosha waumini miguu, na maji yakageuka mekundu mithili ya damu. Ripoti ilieleza kuwa rangi hiyo ilitokana na pamanganeti ya potasiamu, kemikali inayouzwa madukani. Waliotaka kuombewa waliambiwa wapande mbegu ya shilingi 310. Nchi nzima ikazungumzia uwongo wa muujiza, na 310 ikawa mzaha wa mitandaoni. Swali la fedha zile zilipokelewa na nani, na zikatumikaje, likabaki pembeni.

Hapo ndipo mjadala wa watumishi wanaojitajirisha kwa madhabahu unapopotea njia. Muujiza hauna mizani ya kuupima mahakamani, na uchoyo wa moyo hauna shahidi. Fedha zina njia: zilitoka kwa nani, ziliingia akaunti ipi, nani alitia saini kuzitoa. Anayetaka kuwalinda waumini na aanzie huko.

Wapo wanaoona kuwa kudai hesabu ni kumvunjia heshima mpakwa mafuta. Agano Jipya linawapinga. Paulo alifundisha wazi kwamba anayehubiri Injili ana haki ya kula kwa Injili, ingawa yeye mwenyewe alishona mahema. Lakini alipochangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuzibeba peke yake. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba makanisa yalimchagua ndugu mwingine wa kufuatana naye, ili pasiwe na mtu wa kumlaumu juu ya ukarimu ule. Mtume aliyekuwa tayari kufa kwa imani yake alikubali kuwa na shahidi wa mfuko! Didake, mwongozo wa Wakristo wa mwanzo, ni mkali zaidi: nabii anayejiombea fedha akidai kunena kwa Roho asisikilizwe, isipokuwa anaomba kwa ajili ya wahitaji. Nabii wa kweli, linasema andiko hilohilo, apewe malimbuko. Kanisa la kale halikumnyima mtumishi riziki. Lilimnyima uhuru wa kujipangia.

Utaratibu huo haujafa. Katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania, sadaka huhesabiwa na wazee wa kanisa baada ya ibada, na mapato ya Jumapili iliyopita husomwa kwenye matangazo. Mchungaji husikiliza tarakimu hizo pamoja na waumini wake. Wizi unaweza kutokea hata hapo, lakini mwizi itabidi apate wa kushirikiana naye. Hali ni tofauti kabisa pale ambapo mwanzilishi wa huduma ndiye nabii, mwenye namba ya simu inayopokea sadaka, na mwajiri wa mhasibu.

Serikali nazo zimekuwa zikipiga pasipouma. Rwanda, kwa sheria ya 2018, ilidai wahubiri wawe na elimu ya theolojia. Kanuni zilizopendekezwa Kenya zilitaka vyeti pia, makanisa yakapinga kwa sauti moja, na Januari 2016 zikawekwa kando. Cheti cha theolojia hakimzuii mtu kuiba. Julai 2024 Tanzania ilifuta usajili wa kanisa la mhubiri aliyejulikana kama Kiboko ya Wachawi, Buza, Dar es Salaam, miongoni mwa sababu ikiwa kuwatoza watu fedha ili waombewe. Hatua hiyo ilistahili, ila kufunga mlango hakumrudishii muumini hata senti.

Mahakama za kwingine zimeonyesha njia. Jim Bakker, mhubiri wa televisheni wa Marekani, alitiwa hatiani mwaka 1989. Kosa lake halikuwa mafundisho: aliwauzia watu uanachama wa kudumu kwa dola 1,000, akiwaahidi malazi kila mwaka katika vyumba ambavyo havikuweza kuwatosha. Huko Singapore, viongozi sita wa City Harvest Church, akiwemo mchungaji Kong Hee, walitiwa hatiani mwaka 2015 kwa matumizi mabaya ya takribani dola milioni 50 za nchi hiyo. Sehemu ya fedha za kanisa ilikuwa imegharimia muziki wa mke wake. Kanisa hilo lilikuwa na bodi na wakaguzi. Kilichowafichua ni uchunguzi wa mamlaka ya nje iliyokuwa na nguvu ya kufungua vitabu.

Kenya haihitaji sheria mpya ili ianze. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, tayari inakitaka kila chama kilichosajiliwa chini yake, makanisa yakiwemo, kiwasilishe taarifa kila mwaka. Msajili azidai, azikague, na muumini aliyetuma 310 yake aruhusiwe kuzisoma.