Bagamoyo ni kwetu pia

Wadau, Bagamoyo ni mji mdogo wa pwani, lakini sisi wa Ushirombo tuna chetu pale. Wikiendi tumezunguka: misheni ya 1868, Ngome Kongwe, mpaka magofu ya Kaole, kilomita kama 5 kusini. Si mchezo!

Watu humkumbuka Livingstone, ambaye maiti yake ilifikishwa pale Februari 1874. Sawa, ila nani walimbeba? Chuma, Susi na wenzao, miezi kama 9 njiani. Na kabla yao babu zetu Wasumbwa na Wanyamwezi walishaizoea safari ya bara hadi pwani, pembe za ndovu mabegani. Hata Msiri, aliyetawala Katanga, alikuwa Msumbwa mfanyabiashara.

Basi mtu wa kwetu akifika Bagamoyo asijione mtalii. Njia ile ilichongwa na nyayo za babu zake.